Mlima wa Kusema Twende

Baba alikuwa na milima mitano ya kuaga kabla hatujahamia kijiji cha ujamaa, na ugomvi uliotaka kuivunja nyumba yetu ulikuwa mmoja tu: upi uwe wa mwisho. Haukuwa ugomvi wa kelele. Wazazi wangu hawakuwa watu wa kelele, na afadhali wangekuwa, maana kelele huisha. Wao walinyamaziana. Mmoja anatazama moto, mwingine anatazama mlango, na mimi katikati yao natafuna ugali.

Desturi ya ukoo wetu ilikuwa hivi. Watu wetu walihama mlima hadi mlima, huko kati ya Bunda na Butiama, tangu enzi za simba na wezi wa ng'ombe. Kila walipohama waliacha kuta za mawe na makaburi. Ukitaka kuiacha nchi ile kabisa, lazima upande milima yote walikolala watu wako. Juu ya kila mlima unamwaga maziwa, unanyunyiza unga wa ulezi, unasema: sisi tunaondoka, ninyi kaeni salama. Isipokuwa mlima mmoja, ule wa mwisho. Pale husemi kaeni. Unasema: twende. Aliyelala pale anainuka, anakufuata, anakuwa mwenyeji wa nyumba yako mpya. Nyumba moja haiwezi kupokea milima mitano, wangegombana humo ndani. Kwa hiyo unachagua.

Kulikuwa na sharti la njiani pia. Wafu hawaijui njia mpya. Ukishuka mlima wa mwisho unakwenda kwa miguu moja kwa moja hadi unakohamia, taratibu, na njia ikigawanyika unasema kwa sauti: hapa tunashika kushoto, hapa tunavuka mto, hapa pana mawe. Usiposema, au ukienda mbio, anayekufuata anapotea, na akipotea hana tena mlima wala nyumba.

Wanangu, waliozaliwa hapa Nyasho, mjini Musoma, na kukulia kwenye umeme, wakisikia haya huniuliza kama tulikuwa Wakristo. Tulikuwa Wakristo. Jumapili hatukukosa. Katekista wetu mwenyewe aliomba ruhusa ya kutofundisha wiki ile kwa sababu naye alikuwa na milima yake, na hakuna aliyemwuliza neno.

Mitatu ya kwanza baba aliipanda bila shida. Nilimfuata nimebeba kibuyu cha maziwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtoto mkubwa na pekee aliyebaki hai nyumbani. Alivaa viatu vyake vya tairi na shati la kanisani. Juu ya mawe alizungumza na watu nisiowajua kwa lugha ya nyumbani, kwa adabu, kama anavyoaga mtu aliyekuwa amelala kwa mwenyeji mwema. Kisha tunashuka, anachuma matunda ya porini, ananipa. Ikabaki miwili.

Mmoja ulikuwa mlima wa babu, baba yake baba. Alizikwa katikati ya zizi lake la zamani, kama walivyozikwa wazee wenye ng'ombe. Sikumwona maishani mwangu. Nilichojua ni kwamba alitembea na fimbo nzito, na kwamba fimbo ile ikisikika inagonga mawe, watoto wote walikumbuka ghafla kazi waliyotumwa.

Mwingine ulikuwa mlima tulikoishi nilipokuwa mdogo, kabla baba hajatuteremsha kwenye udongo mweusi wa pamba. Juu kule amelala mdogo wangu wa kiume. Surua ilimchukua kabla hajajua kutembea. Alikuwa anatambaa tu, kwa kasi, anapiga sakafu kwa viganja viwili, ukigeuka yuko jikoni, ukigeuka tena yuko mlangoni na mchanga mdomoni. Katika mlima ule, kwa upande wa watu wetu, yuko peke yake.

"Mzee ndiye anajua ng'ombe, ndiye anajua mvua," baba alisema jioni moja, bila kuulizwa. "Nikienda huko bila mzee, mimi nitakuwa nani?"

Mama alikuwa anapepeta ulezi. Hakuacha. "Mzee wako amekula chumvi nyingi, baba. Hata akibaki peke yake anajua kukaa. Mtoto wangu pale juu ana nani?"

"Mtoto hawezi kulinda nyumba."

"Sijasema alinde. Watu wote wanaondolewa huku. Zamani alikuwaga anaona hata moshi wa majirani. Sasa hata moshi hatauona."

Baba aliuchochea moto. Ninamjua, alikuwa anaumia, na mtu mpole akiumia anakuwa mbishi kuliko mkali. Mwishoni alisema, "Wa mzee ndio wa mwisho." Mama akamwaga pumba nje, akaingia ndani.

Mimi, nikisema kweli, niliwaogopa wote wawili, babu na mtoto. Ningepewa kuchagua ningesema tuwaache wote walale, twende sisi tulio hai, inatosha. Lakini mtoto wa darasa la sita haulizwi mambo ya milima.

Tulipanda sote watatu kwa mdogo wangu. Baba alimwaga maziwa, akasema kaa salama, sauti yake ikakatika katikati. Mama hakuaga. Alichuchumaa akang'oa nyasi kuzunguka yale mawe madogo, akayapanga upya, akafuta moja kwa ncha ya kanga. Alikawia. Baba alitangulia kushuka ili asimharakishe, nami nilibaki nimesimama na kibuyu kitupu, sijui nimfuate nani.

Siku ya kuhama ilipofika, baba alikuwa amepanga vizuri. Angepanda kwa babu alfajiri, ashuke, ashike njia kwa miguu, afike kijiji kipya kabla ya jua kuzama. Sisi tungemkuta huko na ng'ombe. Nilipanda naye. Aliposema "Baba, twende," mwili ulinisisimka kuanzia shingoni, maana alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na kisha akangoja kidogo, kama unavyomngoja mtu avae viatu. Tulishuka polepole. Penye mawe yanayoteleza alisema, "Hapa angalia, mzee." Nilitembea mbele yake, sikutaka kuwa wa nyuma.

Chini tulikuta lori. Mgambo walikuwa wamekwisha kung'oa paa letu, milango imelala juu ya mitungi, kuku wamefungwa miguu. Aliyesimamia alikuwa katibu kata, mtu wa kutoka mjini Musoma, suti yake ya Kaunda imeingia vumbi mpaka mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa na familia nyingi za kuhamisha. Alisema kila baba wa familia apande na mizigo yake, kwa sababu kule atakabidhiwa kiwanja, na asiyekuwapo kiwanja chake anapewa mwingine.

"Mimi naenda kwa miguu," baba alisema.

"Kwa nini utembee na serikali imekuletea gari?"

Swali lile lilikuwa la haki, na hapakuwa na jibu ambalo baba angeweza kumpa mtu wa ofisi mbele ya mgambo. Alitazama mlima. Alimtazama mama.

"Mzee ana fimbo," mama alimwambia kwa lugha ya nyumbani, taratibu. "Atalifukuziaje lori?"

"Mzee alikuwaga anatembea kuliko sisi wote," baba alijibu. Alijibu haraka, kama mtu anayejifunga mkanda asianguke. Kisha akapanda.

Namwona mpaka leo. Amesimama nyuma, juu ya mbao za kitanda chetu, ameshika ubavu wa lori kwa mkono mmoja, uso ameuelekeza mlimani tunakotoka. Lori likaondoka. Midomo yake inasema. Njia ya kwanza ilipogawanyika, si mbali na pale tulipobaki mimi na mama, nilisikia neno moja tu, kushoto, mengine yakamezwa na injini. Dereva hakuwa na habari. Alikwenda kasi kwa sababu kwanza alipaswa kupita Butiama kushusha mizigo ya familia nyingine, njia ya mzunguko, ndipo arudi kutafuta barabara ya Bunda. Baba alituambia baadaye kwamba alitaja kila kona hadi vumbi lilipomziba koo, na baada ya hapo alitaja kwa mkono.

Nimeishi mjini miaka mingi, nimefundisha shule, nimestaafu. Bado nikipanda basi kwenda Bunda, tukikaribia njia panda ya Butiama, nabadili kiti nikae upande wa pili. Naogopa kutazama nje nikamwona mzee mwenye fimbo amesimama anangoja kuambiwa ni wapi. Najua wenye elimu watasemaje. Mimi mwenyewe nina elimu, na kiti nabadili.

Mama na mimi tulibaki na ng'ombe. Njia ya ng'ombe ilikuwa fupi kuliko ya lori, inapita mbugani, na inapita chini ya mlima wa mdogo wangu. Tulipofika pale, mama aliwaelekeza ng'ombe mtoni wanywe, akaniambia niwachunge. Akapanda peke yake. Alipanda upesi, mwanamke yule aliyekuwa analalamika magoti.

Nilikaa majini na ng'ombe nikihesabu maovu yatakayotupata. Mlima wa mwisho ulikwisha kupandwa. Baba amekwisha kusema twende. Mtu hapandi wa mwisho mara mbili.

Niliposikia mawe yanaporomoka, nilitaka kugeuka. "Usigeuke," mama alisema kutoka nyuma. "Swaga ng'ombe. Huko mbele pamba ya watu, wakiingia tutalipa nini?" Kwa hiyo nilitangulia na ng'ombe, naye akafuata nyuma, mbali kidogo, njia nzima. Na njia nzima alikuwa anazungumza.

"Hapa tunavuka mto. Maji baridi kidogo, basi, tumevuka." Kimya. "Hapa njia mbili. Sisi tunashika ya huku kwenye kichuguu. Unaona kichuguu?" Kimya tena. "Karibu. Karibu tunafika."

Nywele zilinisimama, ndiyo. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa hofu. Ulikuwa wivu. Mimi niliyekuwa hai, niliyetembea mbele na miiba miguuni, mama hakuwahi kusema nami kwa sauti ile. Nililia njiani kwa ajili hiyo, na ng'ombe wakaendelea kutembea.

Tulimkuta baba kwenye kiwanja chetu, amekaa juu ya kitanda kilichotua katikati ya nyasi. Nyumba zilikuwa fito tu, zimepangwa mstari mmoja, jirani anakohoa unasikia. Vumbi lilikuwa limezifanya nyusi zake nyeupe. Hakuuliza kama ng'ombe wote wamefika.

"Mmepishana na mtu njiani?" aliuliza.

"Hatukupishana na mtu," mama alisema. Ilikuwa kweli.

Tulikandika nyumba, tukaezeka. Baba aliweka kigoda karibu na mlango kwa ajili ya mzee, na kikombe cha maziwa. Kila jioni alikaa nje, akisikiliza upande wa barabara. Mtu yeyote akipita na mkongojo, baba anainua kichwa. Nilimwona akipungua mwili. Mvua ya kwanza ilipochelewa alisema ni kwa sababu mzee hajafika. Ng'ombe mmoja alipoharibu mimba alisema vilevile. Alianza kuamka usiku na kwenda kusimama barabarani, na watu wapya wa kijiji, ambao hatukuwazoea, wakaanza kututazama kwa jicho la pembeni.

Wakati huohuo kulikuwa na kile cha ndani. Mara ya kwanza nilikisikia mchana, nimerudi kutoka shule kula. Nyumba ni tupu. Chumbani viganja vikapiga sakafu, pa pa, pa pa, upesi, kisha kimya. Nilidhani ni mtoto wa jirani, nikaingia nimtoe. Hapakuwa na mtu. Jumamosi moja nilisiliba sakafu kwa samadi, nikaiacha ikauke, na niliporudi nilikuta alama za viganja kutoka mlangoni hadi pembeni mama alipokuwa anaweka unga. Viganja vidogo. Nilimwita mama. Alisimama akatazama, na uso wake ulilegea, sijui niseme vipi, ukawa uso wa msichana. Akaniambia upande ule nisiusilibe tena.

Baba alizipita zile alama. Aliziona, maana aliinua mguu. "Watoto wa majirani," alisema. Pande zote mbili majirani zetu hawakuwa na mtoto wa umri ule, na yeye alijua.

Basi siku moja baba alivaa shati la kanisani, akaniambia nimsindikize ofisini kwa katibu kata, kwa sababu Kiswahili cha ofisi kilimsumbua. Kurudi milimani kulikatazwa, ilihitajika ruhusa. Alivua kofia, akasimama wima.

"Naomba ruhusa nirudi kule mlimani," alisema. "Nilimwacha baba yangu."

Katibu kata aliweka kalamu chini. "Ulimwacha mzee? Tangu siku ya kuhama?"

"Tangu siku ya kuhama."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Anaweza kutembea?"

"Anatembea vizuri," baba alisema. "Ila njia ndio haijui."

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Lakini katibu kata alikwisha kusimama, amebadilika rangi, kwa sababu amri ilikuwa wazee na wagonjwa wasafirishwe kwa uangalifu, na hapa kuna mzee ameachwa porini kwenye kata yake. Hakumpa baba ruhusa yoyote. Alimwambia akae pale pale, akaita mgambo, akawapa machela, akawapa chupa ya uji, akawatuma kwa baiskeli. Baba hakumzuia. Nadhani alifikiri hivi: mwenye gari ndiye aliyempoteza mzee, sasa mwenye gari ameamua kumrudisha.

Tulikaa kwenye benchi siku nzima. Walirudi jua limeinama, jasho tupu, machela imekunjwa. Walikuwa wamezunguka mlima wote wakiita mzee, mzee, hadi sauti zikakauka. Hawakuona mtu ila mawe ya zizi. Mmoja wao, mtu mzima, mwenyeji wa pande zetu, alikuwa anamtazama baba kwa namna tofauti.

"Mzee wako alikuwa anaumwa?" katibu kata aliuliza. "Labda amefia porini."

"Hapana," baba alisema. "Alikufa zamani. Kabla ya Uhuru."

Waliokuwa nje dirishani waliangua kicheko. Katibu kata hakucheka. Alimtukana baba, mtu mwenye umri wa kaka yake mkubwa, akamwambia anachezea serikali, na akiendelea atalala ndani. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alingoja maneno yaishe, kisha akawageukia mgambo kana kwamba hakuna aliyekuwa amefoka.

"Mlipokuwa mnashuka," aliwauliza, "mlimwambia njia?"

Walitazamana. Yule mwenyeji wetu ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole. "Hapana, mzee. Hatukujua."

Tulirudi nyumbani kukiwa bado na mwanga. Kicheko kilikuwa kimetutangulia. Wanawake kisimani walinyamaza tulipopita. Mama alikuwa mlangoni na ungo wake. Baba alikaa, si kwenye kigoda, alikaa chini, akaegemea ukuta. 

Chumbani viganja vikaanza kupiga sakafu. Pa pa, pa pa, kutoka pembeni kuja mlangoni. Mama aliacha kupepeta. Baba alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo si mzee," alisema.

"Si mzee."

"Ulirudi kule juu."

"Nilirudi."

Nilisubiri. Baba hakuwahi kumwinulia mama mkono, lakini siku ile, na aibu aliyobeba, nilisubiri. Aliinama akafuta vumbi kwenye kidole cha mguu. Alipouliza, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Alifikaje huku? Alikuwa hajaanza kutembea."

"Nilimbeba," mama alisema. "Nilifunga kanga mgongoni, nikambeba. Alikuwa mzito, baba. Nilipumzika mara nyingi."

Baba aliitikia kwa kichwa polepole, akiukubali uzito ule.

"Umefanya vizuri," alisema. Kisha akatazama upande wa barabara. "Mimi nilipanda lori."